Fundi aliyelizika gari la umeme likiwa hai

Saa mbili kasorobo asubuhi, Benta Amolo amelala chali juu ya kipande cha katoni, chini ya lori la kubeba mahindi. Kinachoonekana ni miguu tu, imo ndani ya buti za mpira zilizokatwa shingo. Ukungu wa Eldoret haujainuka, na vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa upande wa pili wa ua linanuka unyevu.

"Washa," anamwambia dereva. Injini inaguna mara mbili, kisha inashika. Benta anajivuta nje taratibu, anajifuta mikono na kusikiliza mngurumo kwa muda kabla ya kutikisa kichwa kwamba kazi imekwisha.

Hajapata hata kunawa, gari dogo la kijivu linaingia uani bila sauti yoyote. Mwenyewe anashuka na kueleza kwamba ni gari la umeme na kuna taa ya onyo inayowaka tangu jana. Ameelekezwa hapa na watu watatu tofauti. Wote walimwambia amtafute Mama Waya, jina analojulikana nalo Benta.

Benta analizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Hili silijui bado," anamwambia. "Nikiligusa nitakuharibia." Anamwandikia nambari ya simu ya fundi mwingine, mwanamke aliye mtaa wa Kapsoya, na gari linaondoka kimya kama lilivyokuja.

Fundi mmoja wa matairi anacheka chini kwa chini. Benta anamsikia lakini hageuki. Kutamka neno hilo "silijui" kumemgharimu zaidi ya mtu yeyote uani humo anavyodhani, na kuna mtu mwingine, mgonjwa, aliyelipia gharama hiyo kwa mwili wake.

Benta ana umri wa miaka arobaini na minane. Alikuja Eldoret kutoka pande za Rachuonyo akiwa na miaka ishirini, kukaa na mjomba wake Omollo aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo na kutengeneza redio jioni. Mjomba ndiye aliyemfunza kusoma nyaya. Kutoka kwa redio akaingia kwenye magari, na leo ni mwaka wake wa ishirini na nne katika ua huu wa Maili Nne.

Kazi yake ni umeme wa magari: altaneta inayochaji betri, stata inayowasha injini, taa, nyaya zilizogugunwa na panya. Siku nzuri hurudi nyumbani na shilingi elfu moja na mia nane. Siku mbaya hurudi na nauli. Yeye na mumewe Eliakim, ambaye ni seremala, wamesomesha watoto watatu kwa mikono yao minne.

"Hapa hakuna aliyewahi kuniletea gari nikamwambia sijui," anasema. "Nilikuwa najivunia hilo. Sasa nikilikumbuka naona haya."

Haya hiyo ilianza Februari mwaka jana, siku ambayo yeye mwenyewe aliona ni ya heshima. Palikuwa na mkutano wa kuchukua maoni ya wananchi mjini, kuhusu nchi kuhamia magari ya umeme. Wataalamu walikuja na picha ukutani. Mafundi wa jua kali walialikwa, na wenzake wakamchagua Benta awasemee.

Aliposhika kipaza sauti, hakuuliza swali la kutaka kujua. Aliwaambia wataalamu kwamba stima yenyewe ya kuwasha taa hupotea mvua ikianza kunyesha. "Mtayawasha magari na nini?" aliuliza. "Na maombi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu alimrekodi, na kufikia jioni video ilikuwa imezunguka kwenye simu kutoka Cheptiret hadi Kitale. Watu walimpungia mkono barabarani. Wateja walimwita profesa.

Lakini anakiri kwamba chini ya maneno yale kulikuwa na hofu. Mtaalamu mmoja alikuwa ameeleza kwamba gari la umeme halina oili ya injini, halina stata, halina altaneta. Benta aliketi pale akihesabu moyoni kila kitu kinachomlisha, na kila alichohesabu kilikuwa hakimo ndani ya gari hilo. Aliwaza pia mafundi kumi na wanne wanaokula katika ua ule ule. Ndipo akainuka kuzungumza.

Wiki tatu baadaye, gari la kuvuta lilimletea gari la Mwalimu Nasambu.

Mwalimu Nasambu Wamalwa, mwenye miaka sitini na mitatu, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko Moi's Bridge. Alikuwa mteja wa Benta kwa miaka kumi na sita, tangu siku za gari lake kuukuu la petroli. Mumewe, Mzee Wamalwa, aliwahi kuwa mpimaji mizigo katika ghala la nafaka. Sasa figo zake hazifanyi kazi, na kila Jumanne na Ijumaa ni lazima afike hospitalini Eldoret kusafishwa damu.

Kwenda na kurudi ni karibu kilomita mia moja. Petroli ilikuwa imemshinda Mwalimu. Alipopata kiinua mgongo alinunua gari la umeme lililotumika, kwa shilingi laki tisa, huku ndugu zake wakimwambia amerogwa.

Hakuwa amerogwa. Kwa miezi kumi na minne gari lilikwenda. Alilichaji nyumbani, na kwa kuwa umeme hupotea Moi's Bridge kama kwingineko, alijifunza kutongojea dakika ya mwisho: stima ikiwapo, gari linachomekwa. Kanisa moja karibu na hospitali lilimruhusu atumie soketi yao kwa saa nne ambazo mzee alikuwa kitandani. Safari iliyokuwa ikila petroli ya shilingi elfu moja na mia nne ilimtoka kwa umeme wa mia nne hivi.

Halafu asubuhi moja ya Machi gari halikuamka. Dashibodi ilikuwa giza. Alipochomeka waya wa kuchaji, hakuna taa iliyowaka. Alimpigia Benta, akasema kwamba hana mwingine anayemwamini.

Benta anaikumbuka siku hiyo kwa undani unaomtesa. Alifungua boneti, wenzake wakiwa wamemzunguka. Wengine walikuwa bado wanarudia utani wa mkutano. Aliona nyaya nene za rangi ya machungwa, ambazo alikuwa amesikia kwamba hubeba volti mia nne na zinaweza kumuua mtu kabla hajapiga kelele. Alisimama pale dakika tano hivi, akajifanya anachunguza.

"Mita yangu ya volti ilikuwa mfukoni mwa aproni," anasema. "Sikuitoa."

Kisha alifunga boneti na kumwambia Mwalimu kwamba betri kubwa imekufa. Alimweleza kwa sauti ya upole, sauti ya daktari, kwamba kuinunua mpya kungepita bei ya gari lenyewe. Akamshauri aliuze haraka kabla halijawa chuma chakavu.

Mwalimu Nasambu hakubisha. Aliuliza swali moja tu, kama ana hakika. Benta akajibu kwamba ana hakika.

Wala hakuishia hapo. Alimpigia simu broka anayemfahamu, Austine, naye akamleta mnunuzi. Gari liliuzwa kwa laki moja na elfu themanini. Jioni Austine alimtumia Benta shilingi elfu kumi za kumshukuru, naye akazipokea.

Mapema Aprili, Benta alikuwa amesimama kando ya barabara ya Uganda akingoja kuvuka, gari lile lilipopita mbele yake. Alilijua kwa mbonyeo wa mlango wa nyuma kushoto, pale ambapo ng'ombe wa Mwalimu alikuwa ameliegemea. Lilikuwa na abiria wawili. Lilisimama mbele kidogo kushusha mmoja, na Benta akalikimbilia.

Dereva hakuwa na siri. Alisema kwamba walilipeleka kwa fundi mmoja wa Kapsoya, Lorraine Nasike, na gari likaamka siku hiyo hiyo.

Benta alikwenda Kapsoya kesho yake. Hakujitambulisha. Alisema tu kwamba ni fundi na anataka kujua gari lile lilikuwa na nini. Lorraine, mwenye miaka ishirini na tisa, alimkaribisha kiti na kumweleza kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake. Gari la umeme, alisema, lina betri mbili. Kubwa ndiyo inayozungusha magurudumu. Lakini imefungiwa kwa usalama mpaka iamshwe, na inayoiamsha ni betri ndogo ya volti kumi na mbili, sawa na iliyo katika gari lolote la petroli. Ndogo ikifa, gari zima hulala. Ile ilikuwa imezeeka tu. Alibadilisha, na kazi nzima ilichukua dakika ishirini.

"Na unajua kitu kingine?" Lorraine alimwambia. "Kuna fundi alimwambia mwenyewe kwamba betri kubwa imekufa."

Lorraine alicheka. Benta naye akacheka.

Benta anasema makosa yote mengine ameshayapa jina: hilo lilikuwa woga, hilo lilikuwa kiburi, hilo lilikuwa tamaa. Kicheko kile hajakipatia jina.

Betri ya volti kumi na mbili ndiyo kazi yake. Ndiyo kitu cha kwanza anachopima kila gari likiingia uani, hata kabla ya kumsalimia dereva. Katika magari yote aliyoyashika kwa miaka ishirini na minne, hilo ndilo aliloacha kulipima. Mwanzoni alijiambia kwamba aliogopa nyaya za machungwa. Baadaye, usingizi ulipokuwa haumjii, alikubali jambo baya zaidi.

"Nilitaka lile gari liwe limekufa," anasema. "Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu kwamba hayawezi kuishi hapa. Likaja moja limelala, nikalizika."

Hakumwambia mtu. Si Eliakim, wala wenzake wa uani. Alihesabu siku akisema atakwenda Moi's Bridge Jumapili, na Jumapili ikifika anapata sababu. Aprili ikapita, Mei ikapita. Simu ya Mwalimu iliingia mara moja, hakuipokea.

Juni, Eliakim alirudi kutoka ibada ya katikati ya wiki na kumpa habari akivua viatu. "Yule mwalimu wako wa gari la stima, mzee wake amelazwa," alisema. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na magari ya abiria hayapendi kusimama kumchukua mgonjwa anayehitaji kubebwa. Mzee alikuwa amekosa kusafishwa damu mara mbili. Maji yalikuwa yamemjaa mapafuni.

Benta alikaa kitandani na kumsimulia mumewe yote, mpaka zile elfu kumi. Eliakim alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba amsimulie Mwalimu vivyo hivyo, bila kupunguza.

Mzee Wamalwa alilazwa siku tisa. Jumapili baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, Benta alipanda gari la abiria hadi Moi's Bridge. Alimkuta Mwalimu sebuleni akichambua maharagwe, na mzee amelala kwenye kochi chini ya blanketi, redio ikiongea polepole. Mwalimu alimfurahia. Alimwambia kwamba amekuwa akijiuliza kama yuko salama, maana simu haikupokelewa. Akamtengea chai.

Benta anasema ukarimu huo nusura umfunge mdomo. Lakini aliongea. Alieleza mkutano, boneti, mita iliyobaki mfukoni, betri ndogo, Austine, na zile pesa, ambazo alikuwa amezileta ndani ya bahasha. Aliiweka mezani kando ya maharagwe.

Benta alipomaliza, Mwalimu aliuliza, "Ulijua lini?"

"Mwezi wa nne, Mwalimu."

"Na huu ni mwezi wa sita."

Mwalimu aliinuka, akatoka nje, na kwa muda ikasikika sauti ya ndoo ikigonga ukuta wa kisima. Mzee Wamalwa hakuwa usingizini. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama, kunywa chai," alisema. "Inapoa."

Ndipo Benta alipolia.

Mwalimu aliporudi hakuketi. "Kutojua si kosa, Benta," alisema. "Ungeniambia hujui, ningemtafuta anayejua." Kisha akaisukuma ile bahasha hadi ukingoni mwa meza. "Hiyo kanunue petroli. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa Benta hafungui kazi. Alfajiri huendesha gari lao kuukuu kutoka Eldoret hadi Moi's Bridge, humchukua mzee na mkewe, huwafikisha hospitalini, huwangoja, na huwarudisha. Jumanne bado wanahangaika na magari ya abiria, kwa kuwa hawezi kuacha kazi siku mbili. Elfu kumi ziliisha katika Ijumaa ya nne. Safari zote hizo kwa siku moja humla petroli ya karibu shilingi elfu tatu, zaidi ya anachopata siku yoyote uani.

Alijaribu kulirudisha gari lenyewe. Alimfuata Austine, naye akampeleka kwa aliyelinunua. Lilikuwa limeshauzwa tena na sasa linabeba abiria Kisumu. Mmiliki mpya alimjibu kwa simu kwamba gari lake halina shida yoyote na haliuzi.

Safari za kwanza, Mwalimu alikaa kiti cha nyuma na hakuongea naye isipokuwa salamu. Mzee, aliye mbele, ndiye aliyejaza njia kwa hadithi za ghala la nafaka. Benta anasema alistahili kimya hicho, na kwamba kingekuwa rahisi zaidi kukibeba kama Mwalimu angemtukana.

Januari mwaka huu alirudi Kapsoya. Lorraine alikuwa ameanzisha darasa la Jumamosi la magari ya umeme, na Benta alikwenda kujiandikisha. Lakini kabla ya kuandika jina alimwambia, "Yule fundi uliyemcheka ni mimi." Lorraine alimtazama, akafikiri kidogo, kisha akampa kalamu.

Wako wanafunzi tisa. Benta ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote, akiwamo Lorraine anayewafunza. Somo la kwanza lilikuwa la betri ndogo. Alilisikiliza kama wenzake, akaandika kila kitu, na wakati wa mapumziko alikwenda kusimama nyuma ya jengo peke yake.

Leo amejifunza kuvaa glavu za mpira zinazomkinga fundi, kukata umeme wa betri kubwa kabla ya kugusa kitu, na kungoja muda uliowekwa ili umeme uliosalia uishe. Amejifunza kwamba gari la umeme likiteremka kutoka Kaptagat hurudisha sehemu ya umeme liliotumia kupanda. Nyaya za machungwa bado humtia hofu. Lorraine humwambia kwamba hofu hiyo asiiache.

Akiulizwa sasa kama nchi inaweza kuhamia magari ya umeme, Benta hajibu kwa utani tena, wala hajibu upesi. Anasema stima bado hupotea, hilo hakudanganya. Anasema hajaona bado jinsi malori ya mahindi ya Moi's Bridge yatakavyofanya, na kwamba katika ule ua wa mafundi kumi na wanne kuna watakaolala njaa wasipofunzwa kazi nyingine. Lakini anasema pia kwamba alipokuwa akiwachekesha watu ukumbini, kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye tayari alikuwa amehama, kwa soketi ya nyumbani na soketi ya kanisa, na gari lake lilikuwa likienda.

"Barabara haikumshinda, stima haikumshinda," anasema. "Mimi ndiye niliyemshinda."

Ni yeye aliyetaka habari hii iandikwe. Aliomba jina lake liwekwe lote, na la Mwalimu lisiwekwe mpaka aulizwe. Mwalimu Nasambu alipoulizwa kwa simu, alikubali, akaongeza tu kwamba tuandike vizuri jina la mumewe.

Mtihani wa Benta ni Novemba. Akifaulu, anataka kutenga kona moja ya ua kwa ajili ya magari hayo na kuwafunza mafundi wenzake wanaotaka, kuanzia yule wa matairi. Vifaa hana. Glavu alizonazo ni za kuazima.

Ijumaa iliyopita, walipokuwa wakirudi na wamepita mji mdogo wa Soy, mzee akiwa amesinzia, Mwalimu Nasambu aliongea kutoka kiti cha nyuma. Alisema kwamba chama chao cha walimu wastaafu kimekubali kumkopesha, na kwamba ameona gari jingine la umeme linauzwa mjini.

"Nikikuita uliangalie kabla sijalinunua, utalijua?" aliuliza.

Benta anasema alishika usukani kwa mikono yote miwili. Jibu la zamani lilimjia hadi ulimini.

"Bado, Mwalimu," alisema.

"Lini?"

"Novemba."

Mwalimu Nasambu alitazama nje, kwenye mashamba ya mahindi, kwa mwendo wa kilomita nzima.

"Basi nitangoja Novemba," alisema.